Milioni 14 za wahitimu: mwanafunzi, hadubini au hatifungani?

Harusi tunachangishana milioni 20 ndani ya wiki sita, kadi na vikao vya Jumapili vikiwemo. Maabara iliyotufanya tuitwe wanasayansi hatujawahi kuipelekea hata katoni ya sabuni. Maneno hayo aliyatoa mwenzetu mmoja mwaka jana, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki msibani kwa mwalimu aliyetufundisha titresheni, na hakuna aliyekuwa na jibu. Likaundwa kundi la WhatsApp, ikaundwa kamati, na mimi nikachaguliwa mweka hazina kwa sababu nilikuwa nimetoka nje kupokea simu. Leo daftari langu linasoma shilingi milioni 14, ahadi na taslimu kwa pamoja.

Kuchanga kumbe ndiyo kazi nyepesi. Ugomvi ulianza tulipoulizana hela ifanye nini. Wapo wanaotaka tumsomeshe mtoto wa maskini mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaotaka kifaa kinachoonekana, chenye kibati cha darasa letu la 2009. Na wapo wawili watatu wa benki wanaosema mtaji usiguswe, tule faida tu. Kila kambi ilikuja na hesabu zake, nami nikakaa nazo usiku kadhaa. Naziweka hapa pamoja na maoni yangu, maana najua kuna madarasa mengine yamekwama palepale. Chuo sitakitaja. Ni cha umma, kipo Tanzania, Pwani, na shida zake si ngeni kwa jirani zake.

Kumsomesha mmoja, au kuziba matundu ya wengi

Ada ya shahada ya sayansi kwenye vyuo vya umma huchezea milioni moja na nusu kwa mwaka, juu au chini kidogo. Bumu la chakula na malazi analopewa mkopaji wa Bodi ya Mikopo lilipandishwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tukimpa mtoto wetu kiasi hichohicho kwa siku 240, ni milioni 2.4. Ongeza ada, ongeza vitabu na fildi (mafunzo kwa vitendo), unakaribia milioni 4 na ushei kwa mwaka. Shahada ya miaka mitatu inaimaliza milioni 14 yote, labda ibaki chenji ya kukodi joho.

Faida yake inaeleweka: ana sura, ana jina, siku ya mahafali mnapiga naye picha. Hatari yake nayo ni hiyohiyo, kwamba ni mmoja. Akipata sapu (mitihani ya kurudia) tatu mkesha wa mwaka wa pili, au akidisko kabisa, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, kundi zima linanuna na hakuna atakayechanga tena. Na kumchagua huyo mmoja kuna kazi. Kwetu majina saba yalipendekezwa, manne yakiwa ya watoto wa ndugu za wanakamati.

Halafu kuna jambo ambalo kambi hii hailipendi. Bodi ya Mikopo ipo kwa sheria ya 2004, na kuanzia 2022/2023 kuna Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri sana kidato cha sita kwenye tahasusi za sayansi. Aliyepasua mtihani ana wa kumbeba. Asiye na kitu kabisa, karatasi zake zikiwa sawa, ana nafasi ya mkopo. Anayeumia zaidi ni wa katikati: amepata mkopo nusu, au amekosa kwa sababu cheti cha kifo cha baba hakijahakikiwa RITA (wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), au biashara ya mama imeungua Machi na salio la ada linadaiwa kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista. Nimemwona kwa macho yangu binti mwenye GPA ya 4.1 akizunguka ofisi tatu kwa sababu ya laki mbili na elfu arobaini.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, darasa dogo lisimsomeshe mtu. Litenge milioni 3 kwa mwaka, kila msaada usizidi laki tatu, na angalau wanafunzi kumi watavuka mtihani ambao wangeukosa. Majina yaletwe na mkuu wa idara pamoja na mshauri wa wanafunzi, si na sisi. Na hela isishikwe mkononi na mtu: mwanafunzi analeta kontroli namba (namba ya malipo ya Serikali) ya ankara yake, mweka hazina analipa, risiti inawekwa kundini jina likiwa limefunikwa. Hilo la kufunika jina tulibishana siku mbili. Wapo waliotaka picha ya mtoto. Nilisema mtu hanyimwi heshima yake kwa laki tatu, na hoja ikapita kwa kura moja.

Kifaa kipya, au chupa za kemikali

Hapa nina donge, kwa hiyo nivumilieni.

Darasa moja lililotutangulia lilinunua hadubini 12 kwa ajili ya prakto za baiolojia. Utepe ulikatwa, vibati vikabandikwa. Baada ya miaka minne nilipita pale kwa shughuli zangu, nikakuta zinazotumika ni tano. Tatu zilikuwa zimeungua balbu, na balbu ya aina ile Kariakoo haipo. Nne lenzi zilikuwa zimeota ukungu, ule utando kama wa buibui unaokaa ndani ya kioo, usiofutika kwa kitambaa. Sikumlaumu mtu. Joto na unyevu wa Pwani hula kila chenye lenzi kikifungiwa kwenye boksi, iwe kamera ama darubini. Na dawa yake inajulikana tangu zamani: kabati la mbao lenye balbu ndogo inayowaka muda wote ili hewa ya ndani iwe kavu, au silika jeli inayokaushwa kila inapobadilika rangi. Balbu yenyewe ni bei ya soda mbili tatu. Hakuna mhitimu aliyeitoa, kwa kuwa haikatiwi utepe.

Kifaa cha maabara ni kama gari, bei ya kununulia ni mwanzo tu. Elektrodi ya pH mita, kipimo cha asidi, hudumu mwaka mmoja au miwili, kisha mita nzima inakuwa pambo la mezani. Taa ya mwanga wa urujuanimno kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaonyonywa na kimiminika) ina saa zake, kwa kawaida kati ya 1,000 na 2,000, na ikiisha unaagiza nyingine nje. Mizani inataka kusawazishwa. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unataka stabilaiza na UPS. Na kama kampuni iliyotengeneza mashine haina wakala nchini, tiketi ya fundi, hoteli yake na posho yake ni juu yako. Spektrofotomita mpya ya UV, hata ile ya kufundishia tu, ni maelfu ya dola. Tungeweza kuinunua kwa milioni 14. Tusingeweza kuitunza.

Wakati kamati inalumbana aina ya mashine, mmoja wetu alifanya jambo la maana: alimpigia fundi sanifu wa maabara, akamwomba aandike anachokosa. Ile karatasi haikuwa na mashine hata moja. Ilikuwa na elektrodi za pH mita, bureti (mirija ya kioo yenye koki ya kupimia kimiminika), pipeti, kuveti za kwatzi, elementi ya mtambo wa kukenekea maji, glavu, ethanoli, na nitrati ya fedha, ambayo bei yake inafuata jina lake. Chini kabisa aliandika: stabilaiza, moja.

Nikamuuliza kwa nini bureti. Akasema wanafunzi wanakuja 80 kwa kipindi, bureti nzima ni nane. Wanagawanywa kumi kumi. Mmoja anatitreti, mmoja anaandika, wanane wananakili. Mtu anaweza kumaliza shahada ya kemia akiwa ameshika koki ya bureti mara mbili, halafu sisi tulioko kazini tunamkuta kwenye usaili tunasema vijana wa siku hizi hawajui kitu.

Upande wa pili wa hoja nao una uzito, nisiufiche. Kemikali zinaisha. Ukitoa leo, mwakani hakuna kinachoonyesha kwamba ulitoa, na mchangiaji asiyeona kitu huchoka. Zina tarehe za kuisha muda. Kuziingiza nchini mwenyewe kunataka kibali kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo wazo la mwenzetu wa nje kwamba atatutumia katoni moja kwa posta lilikufa siku ileile. Zinunuliwe kidogo kidogo, kila mwaka, kwa muuzaji wa hapahapa mwenye leseni. Mashine walau inahesabika.

Kanuni yangu ya kienyeji ni hii: mkinunua kifaa cha shilingi 10, wekeni nyingine 3 pembeni za kukitunza miaka mitatu ya mwanzo. Kama hizo 3 hamna, hicho kifaa hamkiwezi. Nunueni bureti 40.

Neno dogo kuhusu mtumba wa maabara. Tunaye mwenzetu Texas na mwingine Rotterdam, na kila mmoja kazini kwake kuna mashine zinazotupwa zikiwa bado zinawaka. Inauma kuziacha. Lakini ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, sisi tuna 230 na 50. Transfoma inarekebisha volti, hezi hairekebishi, na chenye mota kama sentrifuji kitalijua hilo. Nyingi zinaendeshwa na programu ya kompyuta ambayo haipokei Windows mpya. Juu yake weka kontena na mambo ya bandarini. Nisingekataa vyombo vya kioo. Mashine ningeikubali kama ina mwongozo wake, vipuri bado vinauzwa, na kuna mtu hapa chuoni aliyewahi kuitumia. Bila hayo matatu tunawahamishia taka zao, na tunalipia usafiri sisi.

Kula mtaji, au kuufungia

Mwenzetu wa benki humu kundini tunamwita Gavana. Hesabu yake ni hii. Hatifungani za Serikali, yaani mkopo unaoikopesha Serikali, zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada kuanzia shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila miezi sita. Ile ya miaka 20 ililipa asilimia 15.49 kwa miaka mingi, kisha Aprili 2022 ikashushwa hadi 12.10. Ukinunua, riba yako haibadiliki hadi mwisho. Tuseme asilimia 12: milioni 14 inazaa milioni 1 na elfu 680 kila mwaka. Hiyo ni ada ya mwanafunzi mmoja na chenji, mwaka baada ya mwaka kwa miaka 20, halafu milioni 14 yenyewe inarudi. Ukiiweka kando ya yule mmoja wa miaka mitatu, kwenye karatasi hatifungani inashinda kwa mbali.

Asiyotaka kuyasema Gavana ni mawili. Kwanza, milioni 1 na elfu 680 ya miaka 18 ijayo haitanunua inachonunua leo, kwa hiyo sehemu ya riba lazima irudishwe kwenye mtaji. Vyuo vikubwa vya Marekani kwa kawaida hutumia asilimia 4 hadi 5 tu ya mfuko kwa mwaka kwa sababu hiyo. Kwa mtaji wa milioni 14, ukitumia 5 unapata laki 7. Nusu ya ada. Pili, nani atatia saini miaka 20 ijayo? Watia saini wetu ni watatu. Mmoja anahamia Kigoma, mmoja ana presha, na wa tatu ni mimi. Mfuko wa kudumu unataka chombo cha kudumu. Makerere, chuo kilichoanza 1922, kina mfuko wake wa wakfu wenye uongozi wake. Sisi tuna kundi la WhatsApp.

Kuna njia ya katikati, vipande vya UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), ambavyo unaongeza kwa viwango vidogo na kutoa unapobanwa. Faida hupanda na kushuka, lakini kwa darasa linalochanga elfu ishirini ishirini ndiyo inayoendana na mfuko wetu.

Gavana akizidiwa hoja huwa anamtaja Michael Bloomberg, aliyemaliza Johns Hopkins 1964, akatoa dola 5 mwaka uliofuata, na mwaka 2018 akatoa dola bilioni 1.8 kusaidia wanafunzi wasio na uwezo. Mfano mzuri, ila mimi humjibu kwa India. Mwaka 2023 darasa la 1998 la IIT Bombay, wakitimiza miaka 25 tangu wamalize, waliahidi rupia milioni 570, na waliochanga walizidi 200. Pale hakuna bilionea mmoja aliyewabeba. Ni darasa, kama letu, lililojiwekea tarehe. Sisi miaka 25 yetu ni 2034, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku ya kuzungumza mfuko wa kudumu kwa sauti kubwa. Sasa hivi tuuanze kwa kiasi kidogo, taslimu tu. Mnadani hawapokei ahadi.

Hela ipite mlango gani

Swali hili hatulipi muda, na ndilo linaloua vikundi.

Mkipeleka hela chuoni rasmi, mnalipa kwa kontroli namba, inaingia kwenye vitabu, na mkaguzi wa Serikali ataiona. Hapo usalama ni mkubwa. Lakini ikishaingia ni fedha ya umma: ununuzi unafuata taratibu za umma, ambazo tangu 2023 zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, na bureti mlizotaka Oktoba zinaweza kuja wanafunzi wamekwishafanya mtihani. Mkisajili chama chenu, au mkaunda bodi ya wadhamini RITA, mnakuwa na akaunti na katiba yenu, lakini pia mna ripoti za kuandika kila mwaka, na ikishapita miaka mitatu hakuna anayezisoma. Mkimpa mtu mkononi ni haraka kuliko vyote, na ndiyo njia ya kuvunja urafiki.

Sisi tumekwenda kwa muuzaji moja kwa moja. Idara inaandika barua ya mahitaji, sisi tunapata ankara kifani tatu, tunamlipa muuzaji, mzigo unafika chuoni. Idara inasaini hati ya makabidhiano na vifaa vinaingizwa kwenye leja yao. Hilo la leja msilisahau. Kifaa kisicho kwenye leja hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hutembea. Kwa milioni mbili tatu njia hii inatosha. Zikifika 30 ningetaka bodi ya wadhamini, hata kama inachosha.

Asiye na hela

Kuna wenzetu wanne hawajatoa shilingi na wanaona haya kuandika kundini. Mmoja yuko TBS (Shirika la Viwango), mmoja anaendesha maabara ya kiwanda cha vinywaji. Nafasi mbili za fildi za wiki nane kila mwaka, kwenye maabara inayofanya kazi kweli, zenye mtu wa kumwelekeza kijana badala ya kumtuma chai, kwa mizani yangu ni zaidi ya milioni. Nimewaambia. Bado wanaona haya.

Kitivo cha Sayansi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa 1965, kwa hiyo wahitimu wake wa mwanzo wana miaka 80 hivi, na nyuma yao kuna safu ndefu ya wastaafu wanaojua kusawazisha mizani, kukausha lenzi na kukadiria kosa la kipimo bila kompyuta. Mzee mmoja wa namna hiyo akikaa na mafundi sanifu vijana siku mbili kwa semista, nauli na chakula juu yetu, hadubini tano zinaweza kurudi kuwa tisa. Hili hatujalifanya. Nimeliandika ili kamati ilione.

Tulipofikia

Milioni 5 inakwenda kwenye ile karatasi ya fundi sanifu: bureti, elektrodi, nitrati ya fedha, stabilaiza, na makabati mawili yenye balbu. Milioni 3 ni ya dharura za ada, laki tatu tatu. Milioni 6 ni hatifungani, kumpoza Gavana. Dada yetu anayefundisha Muscat aliuliza kama jina la darasa litaonekana popote. Tumekubaliana kibati ni kimoja, na kitabandikwa kwenye kabati la balbu.

Oda ya kemikali itatoka kabla ya chuo kufunguliwa. Taslimu iliyopo akaunti hadi jana jioni ni milioni 9 na laki 5, kwa hiyo mafungu mawili ya kwanza yametimia, na la Gavana limeanza na milioni moja na nusu. Zilizobaki, milioni 4 na laki 5, bado ni ahadi. Wenye ahadi wanajijua, na namba ya kutumia ni ileile.